Hospitali zisingoje mkasa ndipo zitafute ufunguo

Ukiingia katika hospitali nyingi za mjini utaona mtungi mwekundu wa kuzimia moto umetundikwa ukutani. Karibu nao pengine kuna kibao chenye mshale unaoelekeza kwenye mlango wa dharura. Mwenye jengo ameridhika, na mkaguzi ametia sahihi yake. Lakini hebu msomaji, muulize muuguzi wa zamu ya usiku maswali matatu tu. Mtungi huo unatumiwaje? Mlango ule unafunguliwa na nani? Umeme ukipotea sasa hivi, mama aliye katika chumba cha upasuaji atasalimika vipi?

Mara nyingi utajibiwa kwamba ajuaye ni fundi, na fundi amekwenda nyumbani. Ufunguo nao uko kwa karani wa stoo, ambaye harudi kazini hadi Jumatatu.

Huo ndio ugonjwa ninaotaka kuuzungumzia leo, nao ni ugonjwa wa taasisi wala si wa mtu. Tumezoea kuamini kwamba hospitali yenye nguvu ni ile yenye jengo la ghorofa, mashine mpya na madaktari waliosomea ng'ambo. Kwa maoni yangu, hospitali yenye nguvu ni ile inayoweza kupatwa na mkasa asubuhi, na jioni bado ikawa inahudumia wagonjwa. Nguvu hiyo haiji siku ya mkasa. Hupatikana kwa kuzijua hatari mapema, kuzipanga, kuipa kila hatari mtu wa kuishughulikia, na zaidi ya yote kumwacha mfanyakazi mdogo aseme bila hofu alichokiona.

Funzo la Agosti 7

Wakazi wa Nairobi hawawezi kuisahau Ijumaa ya Agosti 7, 1998. Bomu lililolipuliwa katika ubalozi wa Marekani, kwenye makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie, liliua watu 213 hapa mjini na kujeruhi maelfu. Jengo la Ufundi liliporomoka. Kabla ya mlipuko mkubwa kulisikika mshindo mdogo, na watu wengi waliokuwa katika maofisi ya jirani walikimbilia madirishani ili watazame. Vioo viliwapasukia usoni. Wako wanaotembea leo kwa fimbo nyeupe kwa sababu ya sekunde chache zile.

Siku hiyo moyo wa kujitolea haukukosekana. Wananchi walichimbua vifusi kwa mikono mitupu. Wenye magari waliwabeba majeruhi wasiowajua. Watu walipiga foleni kutoa damu, na madaktari na wauguzi walifanya kazi usiku na mchana. Kilichokuwa haba ni mpango.

Moyo mwema peke yake haupangi majeruhi. Mamia ya watu wanapofika kwenye lango moja kwa wakati mmoja, lazima awepo mtu mmoja anayejulikana ambaye kazi yake ni kuwagawa: huyu aingie upasuaji mara moja, huyu anaweza kungoja saa moja, huyu akae kwenye benchi afungwe bendeji. Pasipo mtu huyo, anayepiga mayowe ndiye hutibiwa kwanza. Na kila daktari anajua kwamba katika ajali kubwa anayepiga mayowe angalau anapumua vizuri. Wa kuogopewa ni yule aliyenyamaza kwenye kona, damu ikimvuja tumboni asionekane.

Tena lazima awepo mtu wa kuandika majina, ili jamaa wasizunguke mji mzima wakitafuta maiti ya mtu aliye hai. Awepo wa kulinda lango ili gari la wagonjwa lisizuiwe na umati wa watazamaji. Kazi hizi hazihitaji shahada ya udaktari. Zinahitaji watu waliotajwa kwa vyeo vyao kabla ya siku yenyewe, na waliokwisha kufanya zoezi.

Baada ya hapo tumeona Westgate mwaka 2013 na Garissa mwaka 2015. Kwa hivyo hakuna mkurugenzi wa hospitali nchini anayeweza kusema kwamba mambo kama haya hayatarajiwi.

Siku matundu yanapolingana

Hata hivyo, mikasa mingi ya hospitali haiji na mabomu. Huja kimyakimya. Mapema mwaka 2018 nchi ilishtushwa na habari kutoka Hospitali Kuu ya Kenyatta kwamba mgonjwa alipasuliwa kichwa ilhali aliyestahili kupasuliwa alikuwa mwingine. Wapasuaji walikuwa wamekwisha kufungua fuvu walipogundua kwamba damu iliyoganda waliyokuwa wakiitafuta haipo. Wafanyakazi kadhaa walisimamishwa kazi na mkuu wa hospitali akapewa likizo ya lazima. Wananchi wengi walitaka kujua jambo moja tu: ni nani huyo, na atafungwa lini?

Hasira ile naielewa. Hata hivyo swali lile halimkingi mgonjwa wa kesho. Profesa James Reason wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, alieleza ajali za namna hii kwa mfano wa vipande vya jibini vyenye matundu. Hapa kwetu afadhali tutumie chandarua. Tuseme umelala chini ya vyandarua vinne, kimoja juu ya kingine, na kila kimoja kina tundu. Mbu hakupati, kwa sababu tundu la kimoja limezibwa na kitambaa cha kingine. Usiku mmoja vinajivuta hata matundu yote manne yakalingana. Mbu anapita moja kwa moja mpaka shingoni. Je, utakilaumu chandarua cha ndani peke yake?

Mgonjwa hupitia mikono mingi kabla ya kufika kwenye kisu. Yuko anayemfunga kitambulisho mkononi, anayemtoa wadini, anayempokea katika chumba cha upasuaji, anayempa dawa ya usingizi, na mpasuaji mwenyewe. Kosa likipita mikono yote hiyo, basi kila mmoja alidhani kwamba mwenzake amekwisha kukagua. Ukimfukuza mmoja na kuacha utaratibu ulivyo, umeziba tundu moja na kuyaacha matatu.

Dawa yake inajulikana. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa karatasi moja ya ukaguzi yenye mambo 19 ya kuthibitishwa kabla ya upasuaji, wakati wake na baada yake. Mgonjwa ni nani? Anapasuliwa nini, na upande gani? Vitambaa vya kupangusia damu vimehesabiwa? Karatasi hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane duniani, mmojawapo ukiwa Ifakara nchini Tanzania, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Kati ya wagonjwa 100 waliopasuliwa, waliopata matatizo makubwa walipungua kutoka 11 hadi 7. Vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa. Watu walisimama tu kwa dakika moja wakaulizana kwa sauti.

Lakini naonya. Karatasi inayotiwa alama baada ya mgonjwa kurudishwa wadini ni uongo ulioandikwa kwa mwandiko mzuri. Afadhali kutokuwa nayo, kwa maana inampumbaza msimamizi akadhani kwamba yuko salama.

Kila hatari na mwenyewe

Je, hospitali yenye nia njema ianzie wapi? Ianze na daftari la kawaida. Wakutane watu wa idara zote, pamoja na mpishi, dereva, msafishaji na askari wa lango, waandike kila kitu kinachoweza kuharibika. Kisha kila hatari ipewe alama mbili, kuanzia 1 hadi 5. Alama ya kwanza ni ya uwezekano wa jambo hilo kutokea, na ya pili ni ya madhara yake likitokea. Zidisha. Paa kuporomoka kunaweza kupata 1 mara 5, yaani 5. Umeme kupotea wakati wa upasuaji unaweza kupata 5 mara 5, yaani 25. Sasa unajua uanzie wapi. Mwisho, mbele ya kila hatari liandikwe jina la mtu mmoja na tarehe ya kumaliza kazi. Nasema mtu mmoja, kwa sababu jukumu la kamati nzima ni jukumu la mtu hakuna.

Tuchukue mfano wa umeme. Usiku wa Agosti 25, 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima. Hata katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta wasafiri walikaa gizani, kwa kuwa jenereta ya sehemu mojawapo ya uwanja ilikataa kuwaka. Jenereta ilikuwapo. Imenunuliwa, imesimikwa na imehesabiwa katika mali. Lakini kuwa na jenereta na kuwa na umeme ni mambo mawili.

Jenereta nyingi hukataa kuwaka kwa sababu ya kitu kidogo kama betri iliyokufa. Kuiwasha dakika tano kila Ijumaa bila kuibebesha kazi si kuijaribu. Ijaribiwe kwa kuzima umeme wa kawaida mchana, mafundi wakiwa tayari na hakuna mgonjwa aliye mezani, halafu mtu atazame saa: imechukua sekunde ngapi? Taa za upasuaji zimewaka? Friji ya chanjo, ambayo haipaswi kutoka kati ya nyuzi 2 na 8 za selsiasi, imo kwenye laini ya jenereta au ilisahauliwa? Majibu yaandikwe.

Tuchukue pia oksijeni, ambayo ugonjwa wa Covid-19 ulitufundisha thamani yake kwa machozi. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 unaonekana kama hautakwisha. Lakini mgonjwa mahututi anayepewa lita 10 kwa dakika anatumia lita 600 kwa saa. Mtungi huo utamtosha saa 11 na dakika chache. Wakiwa wawili, hautafika saa sita. Sasa uliza: lori la oksijeni huchukua muda gani kufika, hasa Jumapili usiku wakati wa mvua? Ikiwa linachukua saa 12, basi hospitali inayoagiza mtungi mwingine baada ya wa mwisho kufunguliwa imekwisha kuamua nani atakufa, ijapokuwa haijui.

Halafu kuna hatari ambazo watu huzisahau kwa sababu hazina moshi wala mlio. Moja ni wafanyakazi. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100. Hospitali ngapi zina mpango ulioandikwa wa namna ya kulinda wodi ya wazazi na chumba cha dharura wakati kama huo, na wagonjwa wapelekwe wapi? Nyingine ni kompyuta. Siku hizi kusajili mgonjwa, kulipia dawa na kupata majibu ya maabara vyote vimo kwenye mtandao. Mtandao ukikatika, mama anayevuja damu baada ya kujifungua, ambaye anaweza kufa katika muda wa saa mbili, asiambiwe angoje hadi mashine irudi. Pawe na fomu za karatasi, na wafanyakazi wawe wanajua ziliko.

Anayesema asiadhibiwe

Sasa nafika kwenye jambo ambalo naliona kuwa zito kuliko yote. Daftari la hatari haliwezi kujazwa na mkurugenzi aliye ofisini. Hatari huonekana kwanza na watu wa chini. Msafishaji ndiye anayejua kwamba mlango wa dharura umezibwa na vitanda vibovu. Muuguzi wa usiku ndiye anayejua kwamba mashine ya kufyonza makohozi hulegea ikifika saa nane. Je, wanasema?

Chukua kisa hiki. Kichupa cha potasiamu kloridi kinaweza kufanana sana na kichupa cha maji ya kuchanganyia dawa. Potasiamu ikidungwa mshipani kwa haraka husimamisha moyo. Muuguzi anachukua kichupa katika sanduku la maji, anasoma jina kwa mara ya pili, anagundua kwamba ni potasiamu. Mgonjwa ameponea chupuchupu. Muuguzi huyo ana njia mbili. Akiripoti, atapewa barua ya kumtaka ajieleze kwa nini dawa zilichanganyika katika zamu yake. Akinyamaza, ataenda nyumbani kwa amani. Wengi hunyamaza, na mimi siwalaumu. Lakini mwezi ujao muuguzi mwingine, amechoka na wagonjwa 40, atachukua kichupa katika sanduku lile lile, na yeye hatasoma mara ya pili.

Kila kisa cha kuponea chupuchupu ni somo la bure. Hospitali inayoadhibu anayelileta inalikataa somo, kisha inangoja kulilipia kwa maisha ya mtu. Wenzetu wa ndege waliligundua hilo zamani. Nchini Marekani, tangu mwaka 1976, marubani hupeleka ripoti za siri kuhusu makosa na hatari kwa NASA, shirika la anga za juu, kwa sababu shirika hilo halina mamlaka ya kuwanyang'anya leseni. Ndiyo maana rubani huthubutu kusema.

Najua kuna watakaoniambia, "Daktari, unataka tulee uzembe." La hasha. Kuna tofauti ya mambo matatu. Yuko aliyekosea kama binadamu yeyote: huyo asaidiwe, na utaratibu urekebishwe. Yuko aliyezoea njia ya mkato kwa sababu kila mtu anaifuata na hakuna anayemkataza: huyo aonywe na kufunzwa, na msimamizi wake pia aulizwe. Na yuko aliyejua hatari akaipuuza makusudi, au aliyekuja kazini amelewa: huyo sheria ichukue mkondo wake. Kosa letu ni kuwatia wote watatu katika kapu moja, kisha kushangaa kwa nini hakuna anayeripoti.

Wengine watasema hakuna pesa. Kweli, jenereta ya pili ni pesa, na mtambo wa kutengeneza oksijeni ni pesa nyingi. Wakubwa wa kaunti waambiwe hivyo waziwazi, nao waviweke katika bajeti kabla ya kununua magari mapya. Lakini kuondoa vitanda vibovu mlangoni si pesa. Kuning'iniza ufunguo wa mlango wa dharura mahali ambapo kila muuguzi anaujua si pesa. Kutenganisha potasiamu na maji kwenye kabati si pesa. Kufanya zoezi la moto alasiri moja si pesa. Tusitumie umaskini wetu kama blanketi la kufunika uvivu.

Sheria pia ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka pawepo kamati ya usalama mahali pa kazi penye wafanyakazi 20 au zaidi. Kwa hivyo hospitali yenye watu 200 isiyo na kamati hiyo inavunja sheria, sawa na kiwanda au ofisi yoyote. Na palipo na kamati, iulizwe swali moja: mwaka uliopita mlipokea ripoti ngapi za kuponea chupuchupu? Ikijibu kwamba haikupokea hata moja, msifurahi. Hakuna hospitali isiyo na visa hivyo. Ripoti zikiwa sufuri, maana yake watu wanaogopa.

Msomaji nawe una sehemu yako. Ukimpeleka mzazi wako kupasuliwa, una haki ya kuuliza kama karatasi ya ukaguzi hutumiwa, na kama jenereta imejaribiwa mwezi huu. Uliza kwa heshima, lakini uliza. Daktari mzuri hatakasirika. Ukiwa mwanachama wa bodi ya hospitali, taka hatari tano kubwa ziwe ajenda ya kwanza ya kila mkutano, kabla ya hesabu za pesa. Na ukiwa mkuu wa shule, wa benki au wa ofisi, usidhani kwamba haya ni ya madaktari peke yetu. Milango yako pia ina kufuli, na yuko mtu mmoja mwenye ufunguo.

Kwa wakurugenzi wa hospitali ombi langu ni dogo. Wiki hii, shuka wadini usiku bila kutangaza. Usiende na kamera wala msafara. Mwite msafishaji na muuguzi mdogo kabisa wa zamu, uwaulize ni kitu gani hapo kinachowatia hofu. Kisha nyamaza usikilize, uandike, na kabla ya mwezi kwisha uwarudie kuwaeleza ulichofanya.